Telefone ya dola 1.200: tuihesabu kabla ya kuitamani



Juma hili tunajibu swali ambalo limetufikia mara nyingi kutoka kwenye vikundi vya likelemba: je, inafaa mama atoe pesa ya zamu yake anunue telefone ya bei kali, zile za juu kabisa, kama iPhone au Samsung Galaxy ya mwisho? Kuna wanaouliza kwa sababu ndugu aliye Ulaya ameahidi kuleta moja. Kuna wanaouliza kwa sababu kijana wa nyumbani hawaachi kulala. Na kuna kikundi ambacho kilikuwa karibu kugawanyika: nusu walitaka mama rais na mama mtunza pesa wapewe telefone nzuri ili kikundi kiheshimiwe, nusu wakasema pesa hiyo ni ya mbegu za maharagwe.

Hatumcheki mtu anayetamani kitu kizuri. Mama anayeamka saa kumi na moja, akaenda shamba na jioni akauza ndizi barabarani, naye ana haki ya kushika kitu kizuri mkononi. Lakini sisi tunaofundisha watoto hesabu tunaomba jambo moja tu: tamaa hiyo iandikwe kwanza ubaoni, tuone inatoa jibu gani.

TUANZE NA BEI

Galaxy S24 Ultra ilipotoka mwezi wa kwanza 2024, Samsung iliiuza Marekani kuanzia dola 1.299. iPhone 16 Pro Max ilitoka mwezi wa tisa mwaka huohuo, kuanzia dola 1.199. Hiyo ni bei ya dukani kule, kabla ya ndege, forodha na faida ya muuzaji wa Birere.

Tuchukue dola 1.200. Tuseme kikundi kina wamama 20, na kila mmoja anatoa dola 5 kila juma. Anayepokea zamu anapata dola 100. Kwa hiyo telefone hiyo ni zamu 12. Na kwa kuwa zamu yako inarudi kila baada ya majuma 20, utangoja majuma 240, yaani miaka 4 na zaidi ya miezi 7, bila kugusa hata franka moja ya likelemba kwa jambo lingine. Mtoto anayeingia darasa la kwanza siku unapoanza kuweka, siku unaponunua atakuwa anakaribia kumaliza la tano.

Kuna wanaosema: "Ya bei kali inadumu, kwa hiyo mwishoni ndiyo rahisi." Hilo nalo tulihesabu. Tuseme telefone ya dola 1.200 inakaa miaka 6. Hiyo ni dola 200 kwa mwaka. Tuseme ya dola 100 ni mbaya sana, kila miaka 2 inakufa na unanunua nyingine. Hiyo ni dola 50 kwa mwaka. Katika miaka 6 umetoa dola 300. Zinabaki dola 900. Kila mama anajua dola 900 zinaweza kufanya nini nyumbani kwake, hatuna haja ya kumwambia.

UZURI WAKE

Tusiwe watu wa kulaumu tu. Telefone hizi zina uzuri wa kweli, na asiyeutaja hapimi kwa haki.

Kwanza ni picha. Kamera yake inaona hata pale penye mwanga mdogo. Mama mshonaji anayepeleka picha za nguo kwa wateja wa Goma kupitia WhatsApp atapata rangi ya kitenge jinsi ilivyo, na uzi utaonekana. Anayepiga picha za harusi na ubatizo anaweza kabisa kuifanya telefone hiyo kuwa jembe lake.

Pili ni muda wa kuhudumiwa. Telefone yoyote ya kugusa inahitaji kutengenezwa upya kwa ndani mara kwa mara na kampuni iliyoiunda, ili wezi wa mtandaoni wasipate tundu. Kwa Galaxy S24 Samsung iliahidi miaka 7, yaani mpaka 2031. Telefone nyingi za bei ndogo zinaachwa mapema zaidi. Hili si jambo dogo: mwanzoni mwa 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika telefone zenye Android 4.4, hata kama telefone yenyewe ilikuwa bado inawaka vizuri.

Tatu ni maji. Nyingi za bei kali zina alama ya IP68, maana yake zimejaribiwa kuzama ndani ya maji safi kwa nusu saa bila kuharibika. Kwa mvua zetu, hiyo ni faida. Lakini jueni kwamba ulinzi huo unapungua kadiri telefone inavyozeeka, na iliyokwisha kufunguliwa na fundi haina uhakika tena. Kampuni zenyewe, kwa kawaida, hazikubali kulipa telefone iliyoharibiwa na maji.

Nne ni nafasi. Ndani yake zinaingia picha nyingi, pamoja na picha za makaratasi ya nyumba: bulteni za watoto, diploma, kadi za chanjo, karatasi za kiwanja. Kwa sisi ambao tumeondoka nyumbani mbio zaidi ya mara moja, kuwa na picha ya diploma ni jambo kubwa. Lakini picha ya diploma inaingia vilevile katika telefone ya dola 100.

ISICHOLETA

Hapa ndipo wengi wanadanganyika. Telefone haitengenezi rezo. Inapokea ile inayotoka kwenye antena. Kama hapa kwetu antena inatoa intaneti ya polepole, aliye na telefone ya dola 1.200 na aliye na ya dola 80 watakaa pamoja chini ya mti uleule wakingoja video ifunguke. Na mega zinaisha kwa wote wawili. Tena telefone kubwa inaweza kuzila haraka zaidi, kwa sababu picha na video zake ni nzito.

Mmesikia pia kwamba iPhone, kuanzia ile ya 14, inaweza kuomba msaada kwa setilaiti mahali pasipo na rezo. Ni kweli, lakini katika nchi ambazo Apple imezitaja, na Kongo haimo katika orodha hiyo. Mtu asikuuzie kwa neno hilo.

Na pesa? Tangu mabenki ya Goma yalipofunga milango mwezi wa kwanza 2025, pesa za watu wengi zinapita ndani ya telefone: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Kwa kazi hiyo, katelefone kadogo ka vibonye kanatosha kabisa. Unapiga nyota na namba, unaweka siri yako, pesa inakwenda. Haihitaji mega hata moja. Kinacholinda pesa yako ni ile siri kubaki kichwani mwako, usimpe kijana wa kabini akuandikie. Bei ya telefone haiongezi ulinzi kwa mtu aliyetoa siri yake.

UBAYA WAKE

Umeme. Katelefone ka vibonye kanaweza kukaa siku kadhaa bila kuchajiwa. Telefone kubwa, kwa mtu anayeitumia sana, inataka umeme kila siku. Walio karibu na waya wa umeme wa Matebe wana nafuu, lakini wengi bado wanalipa kwa anayechaji. Piga hesabu ya mwezi mzima. Tena, tangu iPhone 12 ya mwaka 2020, Apple haiweki tena kichwa cha chaja ndani ya sanduku, na Samsung ilifuata na Galaxy S21 mwaka 2021. Unanunua kando. Ukichukua chaja ya bei ya chini kabisa sokoni, unaweza kuharibu kitu cha dola elfu kwa kitu cha dola mbili.

Batri. Apple inasema batri ya iPhone 14 na zilizotangulia imeundwa ili, baada ya kujazwa kikamilifu mara 500, ibaki na asilimia 80 ya nguvu yake. Kwa iPhone 15 na zinazofuata ni mara 1.000. Anayejaza mara moja kwa siku anafika 500 kabla ya mwaka na nusu. Kwa hiyo telefone iliyotumika Ulaya miaka mitatu inakuja kwako ikiwa imechoka.

Kioo. Mbele kioo, na nyingi nyuma pia kioo. Ikianguka kutoka juu ya pikipiki kwenye mawe yetu ya volkano, hakuna dua. Kioo cha asili cha telefone hizi kinaweza kuzidi bei ya telefone nzima ya kawaida, na fundi wa kijijini mara nyingi hana. Atakuwekea cha kuiga, na ile rangi nzuri uliyoinunua inakwisha siku hiyo.

Hatari. Hili tuliseme wazi. Katika eneo letu watu wameumizwa, na wengine wameuawa, kwa sababu ya telefone. Ni kweli kwamba telefone za kisasa mwizi hawezi kuzifungua bila neno la siri la mwenyewe. Lakini mwizi haulizi kwanza kama ataweza kuifungua. Anaona mng'aro, anakuja. Mama anayerudi jioni na telefone hiyo sikioni anatembea na zamu 12 za likelemba mkononi, na kila mtu anaziona.

Macho ya watu. Ukishaonekana nayo, michango yote inakutazama. Kilio, harusi, mgonjwa: "Wewe mwenye telefone ile unashindwa na dola kumi?" Muuzaji anakupandishia bei. Anayekudai anakuja asubuhi. Na ndani ya kikundi, wenzako wanaanza kuhesabu pesa ya sanduku mara mbili, hata kama hukuchukua kitu. Heshima ya kikundi inatokana na daftari lililoandikwa vizuri na zamu zinazofika siku yake. Telefone ya mama rais haiwezi kuileta.

WASICHANA WETU

Sisi walimu tunaona jambo ambalo wazazi wakati mwingine hawalioni. Msichana wa miaka 15 anaingia darasani na telefone ambayo mshahara wetu wa miezi mingi usingeweza kuinunua. Mama hakuinunua. Baba hakuinunua. Basi nani?

Mara nyingi jibu ni mwanaume mkubwa, na telefone ile ni kamba. Kuna wakati anaombwa picha zake, kuna wakati anaitwa usiku. Akitaka kukataa, anakumbushwa bei. Wamama, mkiona telefone ya namna hiyo nyumbani, msianze na fimbo. Ulizeni kwa upole, mara ya kwanza na ya pili, mpaka aseme. Na tuwafundishe mapema, kabla zawadi haijafika, kwamba kitu cha dola elfu hakitolewi bure kwa mtoto. Msichana anayejua bei ya kitu, na anayejua kwamba mama yake hatamfukuza akisema ukweli, ana nguvu ya kukirudisha.

UDONGO WETU NDANI YAKE

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Telefone hizi zinatoka Asia na kuuzwa Marekani, lakini sehemu yake ilianzia hapa kwetu. Ndani ya kila telefone, ya bei kali na ya bei ndogo, kuna vipande vidogo sana vinavyoshika umeme na kuuachilia, na baadhi vimetengenezwa kwa tantali. Tantali inatoka katika koltani, na koltani inachimbwa Rubaya, kule Masisi, kwa koleo na mikono. Kobalti ya batri, sehemu kubwa ya ile inayotumika duniani inatoka Kongo, upande wa Kolwezi. Wakubwa wetu wanakumbuka mwaka 2000, bei ya koltani ilipopanda ghafla na vijana wakaacha mashamba na shule wakakimbilia mashimo, kisha bei ikaanguka na mashamba yakakutwa yamekuwa pori. Mpaka leo mvua ikinyesha sana, mashimo ya Rubaya yanaporomoka na watu wanafukiwa, na wamama wamo.

Mwezi wa 12 mwaka 2024, serikali ya Kongo ilipeleka mashtaka Ufaransa na Ubelgiji dhidi ya matawi ya Apple juu ya madini ya vita. Apple ilikana, ikasema ilikwisha kuwaambia wanaoiuzia wasichukue tena madini hayo kutoka Kongo na Rwanda. Hatuko hapa kuamua kesi hiyo. Tunachotaka mama ajue ni kwamba kununua ya bei kali hakumwondoi mtu katika jambo hili, wala kununua ya bei ndogo. Kinachopunguza ni kuitunza telefone uliyo nayo miaka mingi. Telefone inayotengenezwa badala ya kutupwa ni shimo moja dogo ambalo halikuchimbwa.

UKIAMUA KUNUNUA, AU UKILETEWA

Kuna mama ambaye, baada ya hesabu yote, ataona kwamba inamfaa. Na kuna atakayeletewa zawadi. Huyo ashike mambo haya sita:

1. Piga *#06#. Namba ya IMEI itatokea. Ndiyo ile tuliyoifahamu wakati wa RAM, tozo iliyokuwa ikikata inite zetu tangu 2020 mpaka ilipoondolewa 2022. Namba hiyo ilingane na ya kwenye sanduku. Iandike katika daftari lako.

2. Kama ni iPhone iliyotumika, muuzaji atoe akaunti yake mbele ya macho yako, na uiwashe upya mpaka mwisho. Ikiomba neno la siri la mtu mwingine, irudishe hapohapo. Inawezekana iliibwa, na kwako itakuwa jiwe.

3. Angalia mahali pa kadi. iPhone zinazouzwa Marekani, kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, hazina tundu la kadi ya SIM. Zinatumia kadi isiyoshikika, inayoingizwa kwa intaneti. Kabla ndugu yako hajanunua, muulize mwenye rezo yako kama anaitoa hapa.

4. Fungua sehemu inayoonyesha afya ya batri, usome asilimia.

5. Jihadhari na kopi. Telefone yenye jina la Galaxy ya mwisho inayouzwa dola 150, na muuzaji ana haraka, haiwezi kuwa yenyewe. Omba faktire yenye jina na IMEI.

6. Namba muhimu ziandikwe kwenye karatasi: za mume, watoto, ndugu, mama rais wa kikundi. Walioishi Kanyaruchinya baada ya kukimbia Rutshuru mwaka 2022 wanajua: telefone ikizimika na namba zote zimo ndani yake, kumpata ndugu ni kazi ya miezi. Karatasi haihitaji umeme. Watoto nao wakariri angalau namba moja.

TUNACHOSEMA SISI

Kabla ya kununua, mama ajiulize swali hili moja: kazi yangu inakwama wapi? Kama wewe ni mshonaji, una vitambaa, una cherehani, una wateja Goma, na kila siku wanakukataa kwa sababu picha zako hazionekani, basi telefone nzuri ni chombo cha kazi. Hata hivyo, jaribu kwanza kupiga picha nje saa nne asubuhi, na kioo cha kamera kimepanguswa. Mwanga wa jua ni bure, na unaifanya telefone ya kawaida ipige picha za kupendeza. Ikishindikana bado, tafuta telefone ya bei ya katikati. Kati ya dola 80 na dola 1.200 kuna nafasi kubwa sana, na telefone nyingi nzuri zimo humo.

Lakini kama kazi inakwama kwa sababu mbegu hazitoshi, au mtaji wa maharagwe ni mdogo, au mtoto amerudishwa nyumbani kwa ada ya sekondari, telefone haitakwamua hapo. Itakaa mezani, inang'aa, na kazi itabaki palepale.

Kwa kile kikundi kilichokuwa kinabishana, ushauri wetu ni huu. Mnunue telefone moja ya kugusa ya bei ya kawaida, iwe mali ya kikundi, iandikwe katika daftari pamoja na IMEI yake. Itumike kwa picha za bidhaa, kwa ujumbe wa mikutano na kwa picha ya kila ukurasa wa daftari la pesa, ili daftari likipotea hesabu isipotee. Pesa ya M-Pesa ya kikundi ikae katika katelefone kadogo ka vibonye, na siri igawanywe: mama mmoja ashike namba mbili za kwanza, mwingine mbili za mwisho. Zinazobaki zinunue mbegu, mvua ya mwezi wa tisa haingoji.

Na wewe uliyekwisha kuwa nayo, hatukuambii uitupe. Ivike kifuniko, usiitoe barabarani jioni, itunze miaka mingi.

Katika mkutano wenu wa juma hili, tunaomba kila kikundi kizungumze juu ya maswali mawili. La kwanza: katika mwaka uliopita, ni mara ngapi telefone ilituingizia pesa, na ni mara ngapi ilizitoa? La pili: leo hii tukiambiwa tuondoke mbio, nani kati yetu anakumbuka kichwani namba tatu za watu wake? Andikeni majibu, mmpe mama anayegawa gazeti hili. Juma lijalo tutaandika juu ya kuhifadhi bulteni na makaratasi ya watoto, na majibu yenu yatatusaidia.

Mbaki salama, pamoja na watoto.